Cheti Sawa, Lakini Ufunguo Uko na Nani?

Kila baada ya miezi michache bango jipya linazunguka kwa simu zetu. Wewe ni kijana wa miaka 18 hadi 25? Unapenda filamu, picha, podikasti? Nafasi 20 tu. Wiki 12. Bure kabisa. Cheti utapewa. Halafu inboksi yangu inajaa: niaplai? Hii ni ya ukweli ama ni wale wa kukusanya namba za watu?

Jibu langu limekuwa lile lile kwa muda sasa. Usiulize kwanza mwalimu ni nani. Usiulize kamera ni ya aina gani, hata kama ni ile Sony kila mtu anaota nayo. Uliza hivi: wiki ya 13, nikija hapa Jumamosi asubuhi na wazo langu kichwani na memori kadi mfukoni, nitafunguliwa mlango? Wakikuangalia kama mtu ameuliza mat ya kwenda Mombasa akiwa stage ya Kisumu, basi ushajua unaenda darasani tu. Si vibaya. Darasa ni darasa. Lakini usije ukalichanganya na nyumbani.

Najua haya yatawakera watu wengine ambao nawaheshimu, lakini acha niyaseme. Programu za sanaa na midia za vijana hapa Nairobi zinafundisha vizuri kuliko zamani, na zinatulea vibaya kuliko zamani. Na ukiniuliza mimi, ni ule ulezi uliotoa watu.

Mimi nilitokea chumba kimoja Eastlands, ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya mbao. Jina silitaji, maana watu wake bado tunasalimiana, na pia kwa sababu kilichofanyika pale kimefanyika kwingine, ukiuliza utaambiwa. Karakana ilikuwa na msumeno wa umeme unaoanza kulia saa mbili asubuhi. Kwa hivyo sauti zote tulizorekodi mwaka wangu wa kwanza zilirekodiwa kati ya saa saba na saa nane mchana, wakati fundi ameenda kukula. Ukichelewa, unangoja kesho. Hiyo peke yake ilinifunza kupanga kazi kuliko somo lolote la utayarishaji nililokuja kusoma baadaye.

Kamera zilikuwa mbili na nusu. Hiyo nusu ilikuwa inapiga picha lakini haionyeshi kitu kwa skrini, so unapiga ukiomba Mungu. Zote ziliishi kwa kabati la chuma, na juu ya kabati kulikuwa na kaunta buku. Unaandika jina, umechukua nini, unarudisha lini, na sehemu ya mwisho ya "hali". Hapo kwa hali ndiyo kulikuwa na vituko. "Betri imekufa, pole." "Tripodi mguu mmoja unatetemeka, usiuamini." "Lenzi iko na alama ya kidole, si yangu." Sheria ilikuwa moja: rudisha ikiwa imechajiwa. Kama kwenu stima imeenda, utajua wewe na kinyozi wako. Hakuna mtu alikuwa amelipwa kulinda hiyo sheria. Ilijilinda, kwa sababu anayefuata kwa foleni ni mtu unayemjua, na ukimrudishia kamera imezima ataku-face Jumamosi mbele ya watu.

Jumamosi kila mtu anatoa shilingi 20 za tokeni. Huna? Utafagia. Chai ilipikwa hapo hapo kwa sufuria kubwa, na mandazi tulichukua kwa mama wa chini kwa deni ambalo yeye alikuwa akiliandika kwa ukuta wake na makaa. Huyo mama, kwa njia, ndiye alikuwa mtazamaji wetu wa kwanza wa kila filamu. Akishuka ngazi bila kusema kitu, unajua umeharibu.

Sasa angalia ni nani walikuwa ndani ya hicho chumba. Kulikuwa na watoto wa Form Two waliokuja na sare zao. Kulikuwa na jamaa wa nduthi, miaka 27, aliyekuwa bingwa wetu wa sauti. Alizoea kusikiliza injini na kujua kama shida ni cheni ama ni plagi, kwa hivyo ukimpa hedifoni anakuambia kuna friji inanguruma nyumba ya tatu. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuja miezi sita mfululizo kufanya homuweki kwa kona, kwa sababu kwao kulikuwa na kelele na hapa kulikuwa na taa. Hakuuliza kitu. Hakuna mtu alimsumbua. Siku moja akasimama, akasoma kaunta buku, akauliza, "Hii ya kuandika sauti mnaandikaje?" Leo yeye ndiye anayetupa kazi baadhi yetu.

Huyo dada ndiye hoja yangu yote. Fomu ya maombi ingemwacha nje. Eleza kwa maneno 200 kwa nini unapenda kusimulia hadithi. Ambatisha kazi mbili ulizowahi kufanya. Angeambatisha nini? Homuweki? Hakujua anapenda hicho kitu hadi alipokaa karibu nacho miezi sita akikula mandazi ya deni. Kuna watu huvutwa na sanaa hivyo, polepole, kama paka anayezoea nyumba. Ukiweka dedilaini, hao ndio wa kwanza kubaki nje, na waliojaza fomu vizuri mara nyingi ni wale ambao wangejipata tu hata bila wewe.

Na kuna kitu kingine darasa haliwezi kukupa, hiki nataka nikae nacho kidogo.

Aprili 2024, mnakumbuka, mvua. Mathare ikafurika, watu wakafa, nyumba zikabebwa usiku. Halafu Mei ikaja amri ya serikali kwamba walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga zikafuata. Vijana wetu wawili walikuwa na jamaa zao kule, wakaenda na kamera. Wakarudi na klipu moja ya mama ameketi juu ya godoro lililolowa, analia, nyuma yake ukuta nusu. Sekunde 40. Mwanga wa jioni, fokasi safi, kila kitu. Kama ungekuwa unatafuta klipu ya kuvuma, hiyo ndiyo ilikuwa yenyewe.

Chumba kiligawanyika vibaya. Wengine walisema irushwe usiku huo huo, kabla habari hazijapoa, na kama hatuonyeshi nani ataamini? Jamaa wa nduthi akauliza swali la kawaida tu, kama ni mathe yako ungetaka shule nzima ya mdogo wako imuone hivyo? Mwingine akamjibu kwamba hiyo ndiyo njia ya kunyamazisha watu, ukisema heshima heshima hadi hakuna kitu kinaonekana. Na alikuwa na pointi! Chai ikapoa. Tulikaa karibu masaa mawili, na kuna watu walitoka wamenuna.

Mwishowe tukaamua kitu rahisi sana hadi ni aibu kwamba kilichukua masaa mawili: warudi kwa huyo mama na laptopu, aone mwenyewe.

Akaona. Akasema ichezwe tena. Kulia kwake akasema kuachwe, hana shida nako, si alilia? Lakini kuna mahali kijana wake anapita nyuma akiwa na kaptula iliyopasuka, hapo akasema patolewe, kwa sababu Jumatatu huyo mtoto anaenda shule. Halafu akatuambia jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Alikuwa ameshalipa kodi ya Mei. Alilipa, na siku chache baadaye nyumba ikalazwa chini, na mwenye nyumba simu haishiki. Majirani kadhaa walikuwa hivyo hivyo. Na hiyo ndiyo ikawa filamu. Kodi ya Mei. Dakika sita, na machozi yamo ndani, lakini hayako mwanzoni.

Sasa niambie, kwa ratiba ya wiki 12, hiyo ingefanyika wiki gani? Wiki ya tisa ni kuhariri. Ya kumi ni muziki na rangi. Ya kumi na moja wageni wanakuja kuona maendeleo. Hakuna wiki ya kubishana hadi chai ipoe, na hakuna wiki ya kurudi mtoni na laptopu. Mwalimu mzuri angekupa somo la maadili, slaidi nane, "pata idhini kila wakati". Tungeandika. Lakini kuandika "pata idhini" si sawa na kukaa chumba kimoja na mtu ambaye binamu yake anaishi pale mtoni na atakutana naye kesho.

Mabadiliko yalikuja mwaka uliofuata. Pesa mpya, ofisi mpya, jengo liko na lifti. Sitadanganya, mambo mengi yalikuwa mazuri. Kamera zikawa sita na zote zinaonyesha picha. Chumba cha sauti kina magodoro kwa ukuta, fundi wa mbao hayuko tena. Wanafunzi wanapewa nauli na lunch, na kama umewahi kutembea kutoka Kariobangi hadi tao kwa sababu huna fare, huwezi kudharau nauli. Filamu zinatoka zikiwa safi. Ukiziweka kando ya zetu, zetu zinaonekana kama zilipigwa na mtu amejificha.

Lakini kuna soja mlangoni na ana listi. Ukifuzu, jina linatoka kwa listi. Siku ya mahafali unavaa lile joho, unapigwa picha na wageni, Jumatatu soja anakuuliza unamtafuta nani. Jamaa ninaowajua wamesomea kamera ambayo hawajaishika tena tangu siku hiyo. Wanajua mipangilio yote, na hakuna cha kupangilia. Kukodisha tao, mimi nimewahi kulipa 2,500 kwa siku moja, bila lenzi ya pili. Sasa kijana wa mtaa ambaye bado anajitafuta, hizo pesa atoe wapi, na kwa filamu ambayo hakuna mtu amemuagiza?

Kaunta buku ilienda wapi sijui. Niliuliza, nikaambiwa sasa kuna mfumo.

Watu wakisema hivi ndivyo mambo yanavyoendeshwa kitaalamu, mimi huwa nawarudisha Mathare, kwa sababu Nairobi hii tumewahi kujua njia nyingine. 1997 mpiga picha anaitwa Lana Wong alishirikiana na MYSA, ile jumuiya ya michezo ya vijana ya Mathare iliyoanza 1987, wakawapa watoto wa pale kamera ndogo za plastiki za bei rahisi ili wapige maisha yao wenyewe. Mradi uliitwa Shootback, na 1999 picha zikatoka kama kitabu. Watu wengi hukumbuka kitabu. Mimi naona cha maana ni kwamba haikuangushwa kutoka juu kwa watu wasiojuana. MYSA ilikuwa tayari ni mahali. Timu zao za mpira zilikuwa zinapata pointi za ligi kwa kuzoa taka za mtaa, si kwa mabao peke yake. Yaani mtoto aliyepewa kamera alikuwa ameshashika reki na wenzake. Na mmoja wa watoto hao, Julius Mwelu, akawa mpiga picha wa kazi, halafu akarudi akaanzisha Mwelu Foundation hapo hapo Mathare, kufundisha wadogo picha na filamu. Kurudi huko kunahitaji mahali pa kurudi. Huwezi kurudi kwa wiki 12.

Ama Korogocho. Koch FM ilianza 2006, vijana wa mtaa, studio ndani ya kontena la kubebea mizigo. Kontena! Joto lake unaweza kufikiria. Lakini kontena lina mlango na mlango uko mtaani, so mtu akiwa na shida ya maji ama mtoto amepotea, anajua pa kubisha. Kibera nayo, 2009, vijana walizunguka wakichora ramani ya mtaa wao kwa mradi wa Map Kibera, kwa sababu kwenye ramani nyingi mtaa wote ule ulikuwa kama nafasi tupu. Kutoka hapo kukazaliwa Kibera News Network, video za habari zinazotengenezwa na watu wa pale. Vitu vimepandana juu ya vingine kwa sababu watu hawakutawanyika.

Kuna mtu ataniambia, na Nairobi Half Life je? Na ni swali la haki. Filamu ile ya 2012, ya Tosh Gitonga, ilitoka kwa warsha za One Fine Day Films, warsha za kuja na wataalamu kutoka nje na kufundisha watu kwa muda mfupi, na ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza Kenya kupeleka Oscar kwa kitengo cha lugha za kigeni. Sina ubishi. Hata baadaye Supa Modo ya Likarion Wainaina ilipitia njia hiyo hiyo, na ile kila nikiitazama nalia, kijiji kizima kinajifunza kutengeneza filamu kwa sababu ya mtoto mmoja. Warsha fupi hufanya kazi, na hufanya kazi vizuri sana, kwa mtu ambaye tayari ana watu wake: kundi la uigizaji, seti alizozoea, marafiki wa kuwapigia simu warsha ikiisha. Inamnoa. Ila hainoi kisu ambacho hakijatengenezwa, na vijana wengi wa hili bango la nafasi 20 ndio kwanza wanatafuta chuma.

"Lakini si kila mtu ana simu siku hizi?" Hii naisikia sana, hasa kutoka kwa watu wa ofisi. Ndiyo, simu ninayo. Nusu ya video zangu nimepiga na simu. Simu inanipa kamera. Hainipi mtu wa kushika maiki. Hainipi dakika kumi za kimya kwa nyumba ya mabati, mvua inanyesha, jirani ana sabufa na kanisa la pili kutoka hapa lina mkesha. Na hainipi mtu wa kuniambia ukweli. Wafuasi wanasema "moto sana" ama wanatukana, hakuna katikati. Kule juu ya karakana tulikuwa na sheria ya Jumamosi mchana: filamu yako ikionyeshwa, wewe unanyamaza hadi kila mtu aongee, hata yule wa Form Two. Hakuna kujitetea. Nimeona wanaume wazima wakitetemeka kwa hiyo kiti. Na Jumamosi iliyofuata wako hapo na toleo la pili.

Sasa, tusipambe. Mlango wazi una shida zake na wale wanaousifu bila kuzitaja hawakuwahi kuubeba. Lenzi moja ilipotea na hadi leo haijulikani. Kulikuwa na mabro fulani waliokuja kukaa tu, miguu juu ya meza, wakichukua waifai na kutoa maoni kwa kazi za watu. Kibaya zaidi, wakati fulani wasichana walianza kupungua, na kwa muda hakuna aliyesema kwa nini, hadi yule dada wa kona akasema wazi mbele ya wote: kuna mtu anawangojea kwa ngazi giza likiingia, na kila mtu anajua ni nani. Huyo mtu alitolewa siku hiyo hiyo. Taa ikawekwa kwa ngazi, na ikaamuliwa Jumatano chumba ni cha wasichana peke yao, ufunguo unakaa kwao. Wakarudi. Yaani nyumba bila sheria si nyumba, ni stage. Lakini tofauti ni nani anatunga sheria. Zetu zilitungwa na waliokuwa wanaumia. Soja na listi wanazuia wezi wa lenzi, sawa, na pia wanamzuia dada wa homuweki.

Tuongee pesa, maana hapo ndipo yote hutokea. Mfadhili akiuliza mmefanya nini mwaka huu, "tumefundisha vijana 60, filamu 12, vyeti 60" ni jibu linaloingia kwa kisanduku. "Tulifungua mlango siku 300 na kuna msichana alifanya homuweki kwa kona" haliingii popote. Kodi ya chumba, tokeni, majani ya chai, mshahara wa mtu mmoja mwenye subira wa kukaa pale jioni, hivyo vitu havipigi picha. Sijawahi kuona bango la shukrani lenye picha ya risiti ya stima. Kwa hivyo wakurugenzi wetu, ambao wengi wao walikua kwa vyumba kama vile na wanajua kabisa, wanaandika wanachojua kitapita. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo. Unaweza kuandika darasa la wiki 12 na bado uweke kipengele cha chumba kubaki wazi siku mbili kwa wiki kwa waliofuzu, na kila aliyefuzu awe anashinda Jumamosi mbili kwa muhula akisaidia wapya. Hiyo haihitaji lifti.

Na vyumba viko. Eastlands ina kumbi za jamii za kaunti tangu enzi za mkoloni. Kaloleni kuna ukumbi. Pumwani kuna Memorial Hall. Kumbi za aina hii nyingi huamka wakati kuna mkutano wa siasa ama harusi, halafu zinalala. Maktaba za Kaloleni na Makadara zilikuwa zimechoka hivyo hivyo hadi Book Bunk wakaja wakazikarabati, na sasa ukipita Jumamosi unakuta watoto wamejaa. Hizo ni maktaba za kaunti, si jengo la mtu binafsi. Kwa hivyo inawezekana. MCA wako akikuja mtaani kuomba kura 2027 na ahadi ya "kuinua vipaji vya vijana", muulize ufunguo wa ukumbi uko na nani leo, sasa hivi, na namba yake ya simu. Akikosa kujua, nawe ushajua.

Sisi hatujangoja. Tuko kumi na mmoja, wengi ni wa kile chumba cha zamani na watatu ni wa ile ya lifti, waliotolewa kwa listi. Tumepata chumba nyuma ya saiba, kodi 6,000, tunagawana, na mwenye saiba anatupunguzia kwa sababu tunamtengenezea matangazo. Tunafungua Alhamisi jioni na Jumamosi kutwa. Jumatano ni ya wasichana, ufunguo wanao wao. Kamera ni moja ya kununua na moja ya kuombwa. Hakuna fomu, hakuna umri, hakuna cheti. Leta shilingi 20 ama ushike ufagio. Kama hujui unataka nini, njoo tu ukae.

Kaunta buku mpya tulinunua Gikomba, kurasa 96, na tuko ukurasa wa saba. Hapo ukurasa wa saba kuna tripodi imechukuliwa tangu Jumanne wiki iliyopita, jina limeandikwa vibaya makusudi, lakini hati tunaijua. Jumamosi tunaanza kupiga saa tatu. Tunaihitaji.